JE, NYONGEZA ZA GEMU ZAFAA KUNUNULIWA?

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, baina ya Alasiri na Magharibi, mwezi wa Ramadhan)

 

Wazee wangu, mama zetu na dada zetu walioko nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao najua mnahesabu dakika za kufuturu,

Nilipotajiwa mada hii, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Mwalimu, mwezi mtukufu huu, watu wakisoma Qur'ani, wewe waja kutuzungumzia gemu?" Nikamwambia, mzee wangu, hebu chungulia barazani saa hii. Saumu imekaza, kiu imepanda, na watoto wetu wako wapi? Wameinamia simu. Na siku hizi hawachezi tu, wananunua. Akishanunua, sheria yamhusu. Sivyo?

Kwa wazazi wasiojua, nieleze kidogo. Mtu hupata gemu, ya kompyuta, ya PlayStation ama ya simu. Pengine amelipa, pengine ni ya bure. Ndani ya gemu hiyo hiyo kuna duka. Dukani mwauzwa vitu vya kuongeza: safari mpya, wachezaji wapya, silaha, mavazi. Unalipa kwa M-Pesa au kwa kadi ya benki, kitu kinapakuliwa kwa intaneti, na umemaliza. Hakuna kufunga mzigo wala risiti ya karatasi. Hizo ndizo nyongeza. Na vijana wameniuliza: zafaa kununuliwa, ama ni pesa kutupwa baharini?

Mimi si mufti. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na nimecheza gemu tangu zama za saiba. Hukumu za halali na haramu mtawauliza masheikh wetu, na wako hapa. Nitakalosema mimi ni lile ninalolijua: kwamba chini ya jina hilo moja la nyongeza huuzwa vitu visivyofanana hata kidogo, na swali la kwanza kabla ya kutoa pesa ni hili: je, najua ninachonunua?

Tuanze na ile iliyo nzuri. Wale waliokuwa vijana miaka ya 2000 wanaikumbuka Age of Empires II. Ilitoka mwaka 1999, na ndani yake mlikuwa na vita vya Salahuddin. Wallahi tulikuwa tukipigania zamu! Mwaka 2000 ikatoka nyongeza yake, The Conquerors, katika CD. Miaka ikapita, Novemba 2015 ikaja nyingine ya kupakuliwa, The African Kingdoms. Hii ilileta mataifa manne: Waberberi, Wamali, Wahabeshi na Wareno. Mna vita vya Sundiata wa Mali, na mna safari ya Tariq bin Ziyad kuvuka kwenda Andalus.

Na mna vita vya Francisco de Almeida. Mnamjua huyu bwana? Ndiye Mreno aliyeivamia Kilwa, kisha akaichoma Mombasa yetu, mwaka 1505. Na anayecheza sehemu ile hucheza upande wake. Kijana wa Mombasa anatoa pesa zake mwenyewe aamrishe merikebu za Almeida! Nilipoiona nilicheka, kisha nikanyamaza. Halafu nikaenda kutafuta vitabu, nikasoma habari za mwaka ule kuliko nilivyowahi kusoma nilipokuwa shuleni.

Nyongeza ile niliinunua na sijuti. Kwa nini? Bei ilikuwa imeandikwa. Kilichomo kilikuwa kimeandikwa. Watu walikwisha kuicheza na kuisifu na kuikosoa kabla mimi sijalipa. Ilikuwa kazi ya watu waliokaa wakachora, wakatunga, wakapanga. Ni kama kununua juzuu ya pili ya kitabu ambacho juzuu ya kwanza umeimaliza na umeipenda. Sikilizeni neno hilo, *umeimaliza*. Wengi wetu twanunua juzuu ya pili na ya kwanza hatujafika katikati. Na jambo jingine: mwaka 2019 gemu ile ilitengenezwa upya, na nyongeza ile ikatiwa ndani. Aliyesubiri miaka minne aliipata pamoja na gemu yenyewe. Kwa hivyo hata iliyo nzuri, subira haikudhuru.

Aina ya pili ni mapambo. Aprili 2006, kampuni ya Bethesda ilikuwa na gemu yake, Oblivion, nayo ikauza deraya ya farasi. Dola 2.50 kwa wenye Xbox 360, wakati ule ni kama shilingi 180 hivi. Farasi akavaa chuma, basi. Hadithi haikuongezeka wala nchi haikupanuka. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na deraya ile ikawa mfano wa mzaha hata leo. Lakini walinunua! Kampuni hiyo hiyo mwaka 2007 ilitoa Shivering Isles, nchi nzima mpya ya kuzunguka, ghali zaidi lakini yenye kitu ndani. Ulimwengu wa biashara ulijifunza lipi? Kwamba nguo yalipa. Leo gemu nyingi zatolewa bure kabisa na wenyewe waishi kwa kuuza nguo.

Sisemi nguo ya gemu ni dhambi. Nasema tuipime. Kanzu ya Idi ikikubana, mdogo wako ataivaa mwaka ujao. Vazi la gemu halirithiwi wala halitolewi sadaka. Na wengi hawanunui kwa kulipenda. Wananunua kwa sababu wenzao wanawacheka wakiingia na lile la bure. Qur'ani katika Surat al-Isra imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na neno hilo ni zito. Mwenye kipato chake, aliyetimiza wajibu wake, akajinunulia kitu kidogo cha kumfurahisha, mimi simtii humo. Lakini kijana anayekopa bando kwa rafiki ili anunue koti la kuchorwa? Hapo ndugu zangu tuambizane ukweli.

Sasa nije kwa aina ya tatu, na hii ndiyo iliyonileta hapa.

Hii ni pakiti ama sanduku lililofungwa. Unalipa kwanza, ndipo unafungua ujue umepata nini. Katika gemu za mpira za kampuni ya EA inajulikana kwa jina la Ultimate Team. Mwanunua pakiti ya wachezaji. Huenda akakutoka nyota wa dunia, huenda wakakutoka watu watatu wa benchi usiowajua hata majina. Pakiti hufunguka kwa taa na mashangilio, moyo unadunda, kisha unaambiwa jaribu tena. Na mwaka unaofuata gemu mpya ikitoka, kikosi chako hakihami nawe. Waanza upya.

Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, alikataza biashara ya zama za ujahiliya iliyoitwa mulaamasa. Mtu alikuwa akigusa nguo kwa mkono, bila kuikunjua wala kuitazama, na kule kugusa ndiko kununua. Akishagusa, imekuwa yake, iwe na tundu, iwe imechakaa. Nilipoisoma nilishika kichwa. Kugusa! Na sisi je, twanunua kwa nini kama si kwa kugusa kioo cha simu? Wenye elimu wameieleza gharar, kule kuuza kisichojulikana, na wameieleza maysiri, iliyokatazwa katika Surat al-Maida pamoja na ulevi. Waulizeni masheikh kama sanduku hili laingia huku ama kule. Mimi bado sijapata hoja ya kulitoa.

Hata wasio Waislamu wameligombania. Tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji mwaka 2018 ilisema masanduku kama haya ni kamari, na kufikia mwisho wa Januari 2019 EA ikaacha kuuza kule pointi za kununulia pakiti. Uholanzi iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ikaifuta. Ilisema pakiti ni sehemu ya mchezo mpana wa ustadi, si mchezo wa bahati uliosimama peke yake. Nataja yote mawili ili msiseme mwalimu ameficha. Hao wana sheria zao, na sisi tuna mizani yetu.

Sasa niwape kisa cha nyumbani, na mniwie radhi, kwa sababu na mimi nimo.

Dadangu ni mama wa kuuza mahamri na viazi karai. Ramadhan ndiyo msimu wake. Miaka michache nyuma, mwishoni mwa Shaaban, alikuwa ameweka pesa kwenye simu, za unga, mafuta na sukari. Akaenda kwa muuzaji wa jumla, akatia namba yake ya siri, jibu likaja: salio halitoshi. Akajaribu tena, vile vile. Alisimama pale na magunia yameshapakiwa mkokotenini, na mwenye mkokoteni anamtazama.

Shilingi 4,300 zilikuwa zimetoka, mara sita, na ujumbe wote umefutwa. Mwanawe, miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe kwa kuwa macho ya mamake hayaoni vizuri maandishi madogo. Namba ya siri aliijua kwa amana hiyo. Alitaka vazi moja katika gemu moja ya simu, na vazi lile haliuzwi peke yake, liko ndani ya masanduku. La kwanza hakulipata. Akasema la pili litarudisha hasara. Nyinyi mliowahi kumsikiliza mcheza kamari, maneno haya si mnayajua?

Dadangu aliponipigia simu hakulia. Aliniuliza tu, "Ni nani aliyemfunza kununua vitu mle ndani?"

Ni mimi. Idi ya mwaka uliotangulia nilimpa zawadi. Nikaona nimpe zawadi ya kisasa, nikamnunulia sanduku lake la kwanza, nikamwonyesha na vile pesa hulipwa. Tulifungua pamoja, tukashangilia pamoja. Mjomba mtu! Unga ule nilinunua mimi, na ni haki yangu kuununua. Kijana naye alikubaliana na mamake alipe kwa kazi: kubeba beseni kila Alasiri, na kuosha sufuria baada ya tarawehe.

Kwa hivyo wazazi, amana ya namba ya siri msiitoe, hata kwa mtoto mwema. Yule wetu ni mtoto mwema. Kwenye simu kuna mahali pa kuzuia manunuzi. Ukishindwa kupaona, njoo nitakuonyesha, sitoki hapa mpaka Isha. Wala msidhani ni watoto wetu tu wanaonaswa. Desemba 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic, wenye Fortnite, italipa dola milioni 245 za kurudishiwa wateja, kwa kuwa mpangilio wa vitufe uliwafanya watu, wakiwemo watoto, kununua bila ya kukusudia. Kama huko wameteleza, sembuse sisi.

Jambo moja la haraka, maana naona wazee wanatazama saa. Hata ile nyongeza nzuri, ukiinunua huimiliki kama unavyomiliki kitabu. Unapewa ruhusa ya kuitumia. Gemu ya magari ya The Crew ilizimiwa mitambo yake mwisho wa Machi 2024, na kwa kuwa haichezeki bila mitambo ile, waliolipia gemu na waliolipia nyongeza zake wote wakabaki mikono mitupu. California ilipitisha sheria mwaka huo huo kwamba muuzaji aseme wazi kuwa anauza leseni. Huku kwetu jiambie mwenyewe.

Mtaniuliza, mwalimu, wewe sasa wanunua? Nanunua, mara chache. Nikimaliza gemu, nikiipenda, na nyongeza ikiwa na kazi ndani yake na bei yake iko wazi, baada ya ada za watoto na fitri, nanunua. Nguo sinunui. Sanduku sigusi tena.

Yule kijana wetu alimaliza deni lake usiku wa ishirini na tatu. Tukiwa tunarudi msikitini aliniambia kuwa katika sanduku la sita vazi lile alilipata. Sikuwa najua. Akaniuliza, "Mjomba, sasa nilivae ama nilifute?" Nikamwambia tumuulize sheikh. Akasema yeye ameshaifuta gemu yote, alitaka tu kujua.

Haya, muadhini naona amesimama, na tende ziko mbele yenu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.