Barua ikipotea, risiti iko wapi?
Hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa, barua ya kuitwa kazini: vitu hivi bado vinapita posta, na wapo wanaovituma kwa stempu ya kawaida ili kuokoa shilingi chache. Kosa huanzia hapo. Barua ya kawaida haina namba. Ikipotea, karani hana pa kuanzia kuitafuta. Barua za rejesta na za EMS, huduma ya haraka ya posta, zina namba: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ kwa zilizotumwa kutoka Tanzania. Bila risiti yenye namba hiyo, dai lako ni maneno matupu.

Tena, anayetakiwa kudai kwanza ni mtumaji, si mpokeaji. Wengi hili huwashangaza. Kwa rejesta ya kwenda nje, Umoja wa Posta Duniani unampa mtumaji miezi 6 ya kudai, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Posta isipomridhisha, malalamiko yaende TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Fidia ina kikomo chake, wala hairudishi cheti. Kwa hiyo, msikilizaji, usingoje: pata taarifa ya upotevu polisi, uanze kufuatilia cheti kingine cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili.