Pumu Inapozidi Makali
Mgonjwa wa pumu aamkaye usiku wa manane, kifua kimembana na pumzi zikilia kama filimbi, akajipulizia salbutamoli na kupata faraja ya saa chache tu, hana budi kufahamu kwamba dawa hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1969, hulegeza misuli ya njia za hewa bila kutibu uvimbe ulio asili ya maradhi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa imewausia watu wazima na vijana wasiitegemee peke yake, bali wapate steroidi ya kuvuta, itulizayo uvimbe. Basi na amwendee tabibu, amwonyeshe namna avutavyo dawa. Na serikali zetu ziihesabu steroidi hiyo kuwa haki, wala si anasa.