Mnazi Huu ni wa Nani?

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi cha hisa, Mheshimiwa Diwani, masheikh na wachungaji, wazee wetu wa Masoko na Kivinje, mama zangu, na ninyi wanangu mliotoka Somanga, Miteja na Pande kuja kuchukua mgao wenu:

Nimeisikiliza risala yenu. Katibu amesoma kwamba wengi wenu, mlipoulizwa mgao wa mwaka huu mtaufanyia nini, mmejibu nyumba ya kwanza. Nimefurahi sana, na hofu nayo imeniingia, kwa sababu nilikuwa mpima ardhi katika mkoa huu wa Lindi mpaka nikastaafu, na ninajua fedha ya ufuta inavyoponyoka. Malipo ya mnada yakishaingia, madalali wa viwanja nao hawakosekani vijiweni.

Nianze na lililonipata mwenyewe. Nikiwa kijana, mwajiriwa mpya, nilinunua kiwanja kwa mzee mmoja, muungwana kabisa. Tuliandikishana, mashahidi wakaweka dole gumba, nikashusha mchanga na kokoto. Msingi ulipofika usawa wa jamvi, akaja dada yake kutoka Mafia. Alisimama kwenye kivuli, akaweka mkono kwenye shina la mnazi, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, minazi hii aliipanda baba yetu. Nani kakwambia imeshagawiwa?" Haki ilikuwa yake. Shamba lilikuwa la mirathi ambayo haijagawiwa, na fungu lake na la wadogo zake lilikuwa chini ya msingi wangu. Mipaka nilikuwa nimeipima barabara. Watu sikuwa nimewauliza.

Mnajua wenyewe kwamba huku kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na mti ukawa na mwenyewe mwingine. Shamba kaachiwa mjomba, minazi ya upande wa kisimani kapewa mjukuu. Karatasi ya mauziano haikwambii hayo, jirani ndiye anayekwambia. Kwa hiyo, kabla hujatanguliza hata shilingi, nenda kiwanjani jioni, bila dalali, watu wakiwa wamekaa barazani. Salimia, kaa, uliza mnazi huu ni wa nani, mkorosho ule kapanda nani, na watoto wa marehemu wako wangapi na wanaishi wapi.

Kisha rudi tena wakati wa mvua. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Januari 2020 maji yalizifuata nyumba za wenzetu wa Njinjo, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ilikatika pale Somanga, tukabaki hatuna njia ya Dar es Salaam. Maji yana kumbukumbu ya njia zake. Na ninyi mnaoonyeshwa viwanja vya ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Anayekuuzia eneo hilo anakuuzia bomoabomoa.

Sasa karatasi. Kiwanja kikiwa kimepimwa, omba nakala ya hati au barua ya toleo, ichukue namba ya kitalu na ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, halafu uombe upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hapo utajua jina lililoandikwa ni la nani, na kama benki imekishikilia au mahakama imeweka zuio. Ukishajua, chukua panga ukafyeke majani uzitafute bikoni: kichwa cha zege, chuma katikati, namba zimeandikwa juu. Ziguse zote, kila pembe. Moja ikikosekana, usilipe mpaka mpima aje.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake. Inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na chombo chenye mamlaka ni halmashauri ya kijiji ikikaa kikao na kuandika muhtasari. Mwenyekiti peke yake, muhuri ukiwa mfukoni, hatoshi. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya karatasi yenye muhuri mzuri na saini moja.

Mama zangu, hapa naomba mnisikilize kwa masikio mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hata hivyo, msiishie hapo. Majina yaandikwe yote mawili kwenye hati. Hisa za kikundi hiki mmenunua ninyi kwa vitumbua, kwa samaki wa kukaanga, kwa kuvuna mwani. Mjane ambaye jina lake limo anazungumza na ndugu wa marehemu akiwa amekaa kwake.

Kuhusu ukubwa wa nyumba, mkivuka na mashua kwenda Kilwa Kisiwani tazameni jumba la Husuni Kubwa pale juu ya jabali. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alilijenga karne ya 14, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, na waliochimbua magofu wanasema halikukamilika. Msikiti Mkuu wa huko huko ulianza mdogo, karne ya 11, watu wakauswalia miaka na miaka, na baadaye ndipo ukapanuliwa kwa nguzo na kuba.

Nikitoka Nangurukuru kuja Masoko huwa nayatazama mapagale ya kando ya barabara. Madirisha yako wazi, sebuleni pameota mipapai. Kila pagale ni misimu ya ufuta na korosho ya mtu ambaye leo bado analipa kodi ya chumba. Nawasihi, mwambie fundi achore nyumba yote unayoitamani, lakini anyanyue kwanza chumba, sebule na choo, apaue, uhamie. Kodi uliyokuwa ukimlipa mwenye nyumba itanunua saruji. Chumba cha pili kitasubiri msimu mwingine, nawe utakisubiri ukiwa ndani.

Na msikubali mchanga wa baharini, chumvi yake inakula nondo taratibu mpaka zege lipasuke. Bati geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Kwa upepo wetu huu wa chumvi, ongeza fedha uchukue nene.

Ndugu Mwenyekiti, kwenye risala mmeomba mafunzo ya ardhi. Hilo nalichukua mimi mwenyewe. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakuwa hapa, na anayetaka kununua aje na nakala za karatasi zake kabla hajalipa. Sitadai kitu. Tutasoma pamoja, na ikibidi tutakwenda kiwanjani kwa miguu.

Kwa hayo machache, natamka kwamba mgao wa mwaka huu umefunguliwa rasmi. Sanduku naliona lina kufuli tatu. Washika funguo, karibuni mbele.