Kipa Wetu wa Mwaka 1979

(Maneno ya mwalimu mstaafu kwa wahitimu wa kisomo, Karatu)



Nimeombwa niseme habari za mpira wakati wa vita vya Kagera. Nitasema ninayoyajua.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu. Yalishika eneo la kaskazini ya mto Kagera, katika mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo unaitwa Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tutampiga.

Siku hizo nilikuwa mwanachuo wa ualimu, nikicheza winga wa kulia. Magari yalitakiwa vitani, na lori la chuo chetu nalo likaenda. Dereva wake akaenda nalo. Dereva huyo ndiye alikuwa golikipa wetu, kijana wa Mbulumbulu, hapa hapa kwetu. Basi, siku moja tulikosa lori na kipa.

Mechi za nje tukazifuata kwa miguu, maana petroli ilikuwa adimu. Golini nikawekwa mimi. Mechi ya kwanza nikafungwa mabao matano!

Februari 1979 ikaja barua yake kwangu. Aliandika kwa penseli. Hakueleza habari za mabomu. Aliuliza nani amesimama golini, na tumefungwa mangapi. Niliona haya. Nikasema moyoni, nitamjibu tukishinda.

Tukatoka sare mara mbili. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa, chuo kizima tukaimba. Mwezi Mei tukashinda, bao moja kwa bila. Usiku ule ule nikaandika kurasa mbili, nikamweleza kila pasi.

Kabla sijaituma, habari ikafika. Kipa wetu alikuwa amekufa tangu Machi.

Agosti mwaka ule Taifa Stars iliifunga Zambia 1–0 Dar es Salaam, ikaenda Ndola ikatoka sare 1–1, kwa bao la Peter Tino. Kwa mara ya kwanza Tanzania ikaingia fainali za Afrika, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Watu walishangilia mpaka usiku. Mimi nilikaa na redio nikawaza: yeye angeuliza maswali mengi leo.

Ndugu zangu, barua yake ninayo hadi sasa. Haijajibiwa.

Ninyi mmejifunza kuandika. Tena siku hizi simu zipo, neno linafika dakika ile ile. Lakini bado tunangoja. Mama anangoja mavuno yawe mazuri ndipo amwandikie mwanawe aliyeko Arusha. Kijana anangoja apate kazi ndipo amjulie hali baba yake. Msingoje habari njema. Mtu wa mbali anataka habari za nyumbani, nzuri na mbaya. Kama tumefungwa matano, andika: tumefungwa matano.