Fokasi ya Mkono na Fokasi ya Kiotomatiki: Uamuzi wa Mpiga Picha
Mada kwa semina ya wapiga picha wa Butembo na Beni

1. Utangulizi

Tangu kampuni ya Minolta ilipotoa kamera yake iitwayo 7000 mwaka 1985, kazi ya kufokasi imezidi kuhamia kwenye mashine. Leo hata simu hutambua uso na jicho. Hoja yangu ni kwamba kamera inajua kutafuta, lakini kuchagua ni juu yetu. Katika miji yetu, iliyopitia vita na Ebola, uchaguzi huo una uzito.

2. Kamera inavyotafuta

Kuna mbinu mbili kuu. Ya kwanza hupima tofauti ya mwanga na giza: lenzi husogea mbele na nyuma mpaka tofauti hiyo iwe kubwa kabisa. Ya pili hulinganisha mwanga uliopita pande mbili za lenzi, na papo hapo kamera hujua isogee upande gani na kwa kiasi gani. Zote mbili zinahitaji mwanga wa kutosha na mistari dhahiri. Kwenye ukungu wa asubuhi Butembo, au msibani usiku chini ya taa moja ya sola, lenzi huenda na kurudi bila kutulia.

3. Panapofaa fokasi ya kiotomatiki (AF)

Kwa kitu kinachotembea, weka AF. Pikipiki inapokujia kwenye barabara ya Beni, chagua fokasi ya mfululizo na uweke pointi ya fokasi juu ya dereva. Bibi harusi anapoingia kanisani, fanya vivyo hivyo. Sababu ni hii: kwa kamera ya fremu kamili na lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8, mtu akiwa umbali wa mita 2, eneo linaloonekana wazi lina kina cha takriban sentimita 17 tu. Hatua moja inatosha kumtoa humo. Ukifunga hadi f/8, unapata karibu sentimita 77.

4. Panapofaa fokasi ya mkono (MF)

MF hufaa pale kitu kinapokaa kati yako na mtu unayempiga picha. Chukua mfano huu: mlipuko wa Ebola katika eneo letu, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, uliua watu 2,287 kabla ya kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Mjini Beni, shirika la ALIMA lilitumia CUBE, vyumba vya plastiki angavu vilivyowezesha familia kumwona mgonjwa wao. Mbele ya plastiki ya namna hiyo, AF huweza kunasa mikwaruzo, matone au mwako wa jua, na mgonjwa akabaki kivuli. Hapo weka MF. Kuza picha kwenye skrini, kisha zungusha pete taratibu mpaka kope zake zionekane moja moja. Pitisha kidogo, urudi. Fanya vivyo hivyo unapopiga kupitia wavu, dirisha la gari au matawi ya kahawa.

5. Uso unaopaswa kufichwa

Kamera yenye kutambua macho hukimbilia uso, hata wa mama aliyenusurika mauaji au ubakaji, ambaye kujulikana kunaweza kumletea hatari. Zima utambuzi huo. Weka MF, sogea karibu na mikono yake, fungua lenzi, uache uso upotee nyuma. Kisha kuza picha uikague. Ukungu mdogo haumlindi mtu: ikiwa jirani yake angemtambua, ifute picha hiyo, umpige picha akiwa amekupa mgongo.

6. Mapendekezo

a) Kila mmoja ajizoeze MF kwa vitu vilivyotulia, mpaka mkono ujue upande wa kuzungusha pete bila kutazama.
b) Tuache kuiachia kamera ichague pointi, tuiweke wenyewe.
c) Kabla ya kubonyeza, tujiulize nani aonekane na nani alindwe.

Wenzangu, picha zetu ni ushahidi wa maisha ya watu wetu. Tusiiachie mashine iamue nani aonekane ndani ya picha hizo.