Kiu ya Ndege na Kiu ya Shangingi

Msikilizaji, Dreamliner ya Air Tanzania, ile 787-8 inayokwenda Mumbai, ikishatulia angani inakunywa takriban tani 5 za mafuta kwa saa. Kwa lita ni zaidi ya 6,000. Ukisikia hivyo, nawe jana umetoka kituo cha mafuta pochi imenywea, utasema huu ni ufujaji mtupu.

Ngoja kwanza. Ndege hiyo ina viti 262, na ndani ya saa hiyo moja imekata karibu kilomita 900. Gawanya. Kila kiti kinaangukiwa na lita zisizofika 3 kwa kilomita 100. Hapo imeshaikaribia bodaboda!

Sasa tushuke barabarani. Shangingi la V8 likitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, kilomita kama 450, linamaliza lita 50 na ushee za dizeli. Ndani yumo bosi, kiti cha nyuma, na faili la mkutano. Dereva simhesabu, yeye yuko kazini. Kwa hiyo lita zote 50 ni za mtu mmoja: kwa kila kilomita, amemzidi abiria wa Dreamliner mara nne. Basi alilolipita kwa ving'ora pale Chalinze limebeba watu zaidi ya 50, na hata likinywa mara tatu ya shangingi, kila abiria anafika Dodoma kwa lita 3 tu.

Na safari ikiisha, kiu haiishi. Nenda nje ya ukumbi wowote wa semina. Utayakuta mashangingi yamejipanga kivulini, injini zinaunguruma, viyoyozi vinapuliza, madereva wamelaza viti wanachati. Gari halijasogea hata hatua moja, mshale wa mafuta unashuka.

Simtetei rubani. Ndege inakupeleka mbali, na umbali ndio unaoumiza: saa 6 za Mumbai ni kama lita 150 kwa kiti, kwenda tu. Nusu ya viti vikiwa vitupu, waliomo wanabeba karibu mara mbili. Tena mafuta yenyewe ni mzigo. Ndege ya safari ndefu huchoma mafuta ili kubeba mafuta, ndiyo maana marubani huhesabu kwa kilo; mafuta hutanuka kwa joto na lita hubadilika, kilo haidanganyi. Na kwa masafa mafupi kama ya Songea, pangaboi za Dash 8 zinabana matumizi kuliko jeti.

Lakini ukurasa wa matumizi ninaotaka kuuona bungeni si wa ndege. Ni wa magari ya ofisi: lita ngapi, na kila safari ilibeba watu wangapi. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa chini ya saa 4, bila tone la dizeli kwenye injini yake. Je, ni mabosi wangapi wamekata tiketi?