Picha za mzaha na deni la mtu aliyefungwa bure

(Maneno ya ndugu yetu karani mbele ya wanachama wa kambi na wa mji)



Komiti imenipa nafasi niseme juu ya picha moja. Wengi wenu mmekwisha kuiona. Ilibandikwa ukutani karibu na bomba la maji, ikatolewa, kisha ikaletwa kwa gazeti letu ili ichapwe. Inaonyesha mtu mwembamba amevaa nguo za buloko, amekaa juu ya gunia la falanka, anavuta sigara, na kwa kidole anamwita kashieri alete gunia la pili. Aliyechora ana mkono mzuri. Mimi nilipoiona nilicheka. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asifikiri nimekuja kuwahubiri.

Mtu wa picha hiyo yuko, na jina lake sitalitaja. Alikaa buloko miezi 19 kwa ajili ya nyaya za shaba ambazo hakuiba. Mwizi mwenyewe alipatikana, tribinali ikafuta hukumu, mtu akarudi kwa watoto wake. Sasa anaomba alipwe mshahara wa miezi ile, na tena miezi ile iandikwe katika miaka yake ya kazi. Wakubwa wanajibu: umerudishwa kazini, unataka nini zaidi? Na hapa kati yetu wako wanaosema: huyu anataka kutajirika kwa buloko. Ndipo picha ilipozaliwa. Katika komiti watu watatu wanataka ichapwe, watatu hawataki.

Mimi si avoka. Kazi yangu ni kuandika siku za watu katika kitabu. Lakini pale masomoni padri mmoja alitusimulia habari ya kapiteni Dreyfus wa Ufaransa. Alisimulia mbio mbio, akafika kwenye ushindi, kengele ikalia. Baadaye nikaisoma mwenyewe, nikaona kwamba yaliyokuja baada ya kengele ndiyo yanayomhusu karani.

Mwaka wa 1894 barua isiyo na jina ilipatikana katika ubalozi wa Ujerumani mjini Paris. Iliahidi kutoa siri za jeshi la Ufaransa. Wakubwa wa jeshi wakamshika Alfred Dreyfus, kapiteni wa mizinga, Myahudi wa Alsace, siku ya 15 Oktoba. Mwezi wa Desemba baraza la vita likamhukumu kufungwa maisha mbali na inchi yake. Majuji walipewa bahasha ya siri ambayo yeye na avoka wake hawakuonyeshwa. Siku ya 5 Januari 1895, katika uwanja wa Shule ya Jeshi, walimng'oa alama za cheo mbele ya askari waliopangwa mistari, wakavunja upanga wake, naye akipaza sauti kwamba hana kosa. Kisha wakampeleka Kisiwa cha Shetani, karibu na Guyane, Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1896 ilifika hata wakamfunga miguu kwa vyuma kitandani kila usiku, mtu aliyezungukwa na bahari na walinzi.

Aliyeandika barua ile alikuwa mwingine, komanda Esterhazy. Koloneli Picquart aligundua jambo hilo mwaka ule wa 1896, akaliambia jeshi, na jeshi likampeleka mbali mpaka Tunisia. Esterhazy alipofikishwa mbele ya baraza la vita mwezi wa Januari 1898, aliachiliwa. Siku mbili baadaye mwandishi Émile Zola akatoa barua yake kubwa katika gazeti L'Aurore, naye akahukumiwa kwa ajili yake.

Sasa picha. Wiki moja tu baada ya upanga kuvunjwa, gazeti Le Petit Journal, lililouzwa karibu nakala milioni moja kwa siku, lilitoa mchoro wa Henri Meyer wenye rangi: kapiteni amesimama, askari mrefu anavunja upanga juu ya goti. Chini yake limeandikwa neno msaliti. Fikirini mtu asiyejua kusoma vizuri, anaona picha hiyo ukutani kwa jirani. Kwake kesi imekwisha.

Mwezi wa Februari 1898 wachoraji wawili wenye jina kubwa, Forain na Caran d'Ache, walianzisha gazeti la picha tupu, jina lake Psst...!, ndiyo sauti ya kumwita mtu njiani. Walilitoa kwa kumpiga Dreyfus na wote waliomtetea. Mwezi ule ule mchoraji Ibels akajibu kwa gazeti lake, Le Sifflet, maana yake filimbi, upande wa Dreyfus. Mmoja akichora Jumamosi, mwingine anamrudishia wiki ile ile. Caran d'Ache huyo ndiye aliyechora katika Le Figaro, siku ya 14 Februari 1898, picha ya jamaa mezani. Juu wamekaa vizuri, mzee anawaonya wasiitaje habari ile. Chini wameitaja: meza imepinduka, wanakabana makoo, mbwa naye chini ya viti. Picha hiyo ni nzuri, na ni ya kweli, kwa sababu inawacheka wote.

Lakini nyingi hazikuwa za namna hiyo. Mwaka wa 1899 na 1900 zilitolewa karatasi kubwa za rangi za kubandika ukutani, zilizoitwa Nyumba ya Mambo ya Kutisha. Zola alichorwa nguruwe. Dreyfus alichorwa nyoka mwenye vichwa vingi. Na Myahudi katika picha za wakati ule alikuwa daima na pua ya ndoano, vidole vilivyopinda, na mfuko wa feza. Sisi tunajua namna mtu anavyochorwa na asiyempenda. Waliomwona Tintin wa Congo, aliyechorwa Brussels na Hergé mwaka wa 1930 na 1931, wanakumbuka midomo tuliyopewa.

Hapo penye mfuko wa feza nataka tukae kidogo. Maadui wa Dreyfus walisema kwamba liko shirika la siri la matajiri wa Kiyahudi, walilolita Sindika, linalonunua majuji na magazeti ili kumtoa. Kwa hiyo kila aliyesema «mtu huyu hana kosa» aliulizwa: umelipwa kiasi gani? Ndugu zangu, tazameni ni nani aliyelipwa kweli. Mwezi wa Agosti 1898 koloneli Henry alikiri kwamba ameandika mwenyewe barua ya uongo ili Dreyfus abaki na kosa. Kesho yake alikutwa amekufa chumbani alimofungwa, shingo imekatwa. Basi gazeti La Libre Parole likaomba michango kwa ajili ya mjane wake, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi zikapatikana falanka zaidi ya 130,000. Mjane hana kosa, sisemi neno juu yake. Nasema tu kwamba jina la mwandishi wa uongo lilikusanyiwa feza hadharani, na wakati huo aliyefungwa bure yuko kisiwani, anachorwa na mfuko mkononi.

Yaliyofuata nayapita upesi. Juni 1899 hukumu ya kwanza ilivunjwa. Septemba 1899 baraza la vita la Rennes likamhukumu tena, miaka 10, kwa sauti tano juu ya mbili. Siku kumi baadaye Rais Loubet akamsamehe. Msamaha kwa mtu asiyekosa, mnajua ladha yake. Gazeti Psst...! lilikufa mwezi ule ule wa Septemba. Lile la filimbi lilikuwa limekwisha kabla yake. Wachoraji wakakunja karatasi zao, wakatafuta mambo mengine.

Ikafika 12 Julai 1906. Tribinali kuu ya Ufaransa ikasema kwamba Dreyfus alihukumiwa kwa makosa, na haibaki kesi yoyote juu yake. Hapo ndipo kengele ya padri ililia. Na hapo ndipo hesabu inaanza.

Ufaransa ilikuwa na sheria ya tarehe 8 Juni 1895, inayompa mtu aliyehukumiwa kwa makosa haki ya kuomba malipo ya feza kwa Leta. Tazameni mwaka: ni ule ule waliomvunjia upanga. Dreyfus angeweza kuomba. Hakuomba. Tribinali iliandika wazi katika hukumu kwamba ameacha haki hiyo ya feza. Watu wengine wanasema ni kwa kuwa jamaa yake walikuwa matajiri wa viwanda. Ni kweli walikuwa matajiri. Lakini mimi nafikiri alijua picha gani ingechorwa kesho yake kama angepokea hata falanka moja. Miaka minane walikuwa wamekwisha kuitayarisha. Picha ya mzaha inaweza kumnyang'anya mtu deni lake bila hakimu kusema neno.

Tribinali ilimpa kitu kingine, na hiki nakipenda. Iliamuru hukumu ibandikwe Paris na Rennes, tena ikampa ruhusa kuichapisha katika magazeti 50 atakayochagua mwenyewe, na Leta ilipe. Majuji waliona kwamba mtu huyu aliharibiwa kwa karatasi, basi alipwe kwa karatasi. Maneno ya sheria tu, bila picha. Ni nani anayebandika maneno ya sheria ukutani kwake?

Na miaka yake? Sikilizeni hapa, nyote mnaongoja malipo ya uzee. Dreyfus alikuwa kapiteni tangu 1889. Tangu siku aliyoshikwa mpaka sheria ya 13 Julai 1906 iliyomrudisha jeshini ni miaka 11 na miezi karibu 9. Wenzake wa darasa walikuwa wamepanda. Sheria ikampa cheo cha komanda, kuanzia siku ile ya sheria. Miaka ile 11 haikuhesabiwa. Siku ile ile sheria nyingine ilimfanya Picquart jenerali, na cheo chake kilihesabiwa kurudi nyuma mpaka Julai 1903. Kwa hiyo njia ya kuhesabu nyuma waliijua. Dreyfus akaomba arekebishiwe, akakataliwa, na Waziri wa vita wakati huo alikuwa Picquart yule yule, aliyekubali kufukuzwa na kufungwa kwa ajili ya ukweli. Siwezi kulieleza jambo hilo. Pengine mtu anaweza kuwa shujaa katika jambo kubwa, na mgumu mbele ya mstari mmoja wa kitabu. Mwaka wa 1907 Dreyfus aliacha jeshi. Mwaka wa 1908, walipomhamisha Zola kwenye kaburi la wakubwa huko Panthéon, mwandishi mmoja wa gazeti alimpiga Dreyfus risasi ya mkono, na majuji wa raia wakamwachilia aliyepiga. Dreyfus alikufa mwaka wa 1935. Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kumpa cheo cha jenerali mwaka wa 2025, miaka 90 baada ya kufa kwake.

Narudi kwetu. Ndugu yetu wa miezi 19 si kapiteni, wala jamaa yake hawana viwanda. Watoto wake walikula kwa shangazi yao. Anachoomba si zawadi. Ni siku ambazo angefanya kazi kama wengine hawangekosea.

Na mimi nina neno langu. Kitabu cha mahudhurio ninakishika mimi. Kila mwisho wa mwezi, mbele ya jina lake, nilikuwa naandika «hakufika». Miezi 19. Ni mkono wangu huu. Hakuna aliyenilazimisha kuandika neno hilo, ningeweza kuandika «amefungwa, kesi haijaisha», na hilo neno lingemsaidia leo. Wakubwa wanalitumia lile la kwanza: tazama, hapa imeandikwa hakufika. Wiki iliyopita nilipeleka barua yenye sahihi yangu, nikieleza namna mistari ile ilivyoandikwa. Jibu halijaja. Linaweza kuja pamoja na barua ya kunisimamisha kazi, nanyi mjue hivyo kabla hamjaisikia sokoni.

Juu ya picha, mimi nasema isichapwe. Mzee mmoja aliniuliza jana: chama kinachoogopa kicheko ni chama gani? Namjibu: kicheko tukipende, lakini tuangalie ni nani anayelala njaa kwa ajili yake. Wakubwa wakikata picha hiyo katika gazeti letu na kuipeleka mezani kwa yule atakayeamua, watasema hata ndugu zake wanamcheka. Na kijana aliyeichora, najua yuko hapa, nimeona anaangalia chini, nisingependa aache kuchora. Nimemletea mistari ile 19, nimeinakili kwenye karatasi moja, bila jina. Aichukue. Afanye nayo anavyoona. Wale Wafaransa wenye kalamu nzuri, ilipofika saa ya kuhesabu miaka, walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Komiti itakutana Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenye neno aje nalo hapo. Sasa nakaa, kwa sababu mama mshika-sanduku ana habari ya michango ya mwezi huu.